Darasani au mtandaoni? Kabla ya kulipa ada, itazame jioni yako

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kusuasua. Mimi nilikuwa Kilosa, mwaka wa pili wa shahada ya ualimu ninayosoma mtandaoni, nikiwa na asaimenti ya kupakia kabla ya saa sita usiku wa Jumatatu. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga pale dirishani, mahali ambapo siku zote mtandao hukamata vizuri. Kile kiduara kilizunguka tangu saa moja jioni. Saa tano nikazima data, nikawasha, nikatoka na simu mpaka chini ya mwembe, mwanangu nimembeba mgongoni. Hola.

Jumatatu hiyohiyo mdogo wangu wa kiume, anayesoma stashahada ya TEHAMA darasa la jioni Dar es Salaam, alimkabidhi mhadhiri wake karatasi mkononi. Kwake yeye kukatika kwa zile nyaya ilikuwa habari ya kusimuliana kwenye daladala.

Sikupoteza alama. Mhadhiri aliongeza wiki nzima kwa wote. Ila hilo nililijua siku ya tatu, mtandao ulipotulia. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajihesabu nimefeli, wala hakukuwa na mtu karibu wa kumuuliza. Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza, "Madam, hivi kusoma mtandaoni kunafaa?" Nami kila nikijibu, nawakumbuka watu wawili wa tumbo moja, usiku mmoja, mmoja chini ya mwembe na mwingine darasani. Kunafaa. Kama kunakufaa wewe, hilo linataka tukae tuzungumze.

Kwanza, mtandaoni ipi?

Neno hili linabeba vitu vitatu, na wengi hulipia kimoja wakitarajia kingine.

Kuna chuo huria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, wakati intaneti haijafika kwa walio wengi, na mpaka leo msingi wake ni uleule: unasoma ulipo, chuo kina vituo mikoani. Mtihani wa mwisho unaufanyia kituoni msimamizi akikutazama. Aliyejiandikisha akidhani hatatoka nyumbani kwake hushtuka msimu wa mitihani anapotafuta nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumwachia watoto. Hilo si kasoro. Ndiyo inayokipa cheti heshima. Lakini lazima ulijue mapema. Chuo hicho pia kina programu ya msingi kwa wale ambao sifa zao hazitoshi kuingia shahada moja kwa moja, mlango ambao watu wengi mitaani hawajui kama upo.

Kuna vyuo vinavyofundisha mtandaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Wenzetu wa Kenya walikipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, pale Konza, Agosti 2023. Vipo pia vyuo vya Uingereza, Marekani na Afrika Kusini vinavyopokea mwanafunzi popote alipo. Hapa swali la kwanza liwe: masomo ni ya moja kwa moja au yamerekodiwa? Darasa la saa 12 jioni la New York kwetu ni saa 7 au saa 8 usiku, kutegemea msimu wao. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi zamu ya geti shuleni hawezi kuishi hivyo miezi minne.

Tatu ni kozi fupi, za wiki sita au nane, nyingi za bure. Hizi ni nzuri kwa jambo moja ambalo nitalitaja baadaye. Usizichanganye na shahada.

Muda: darasani unautoa, mtandaoni unaugombania

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo matangazo ya vyuo yanapopotosha. Wanasema, "Soma kwa muda wako." Mimi nimegundua kwamba mtu anayesoma nyumbani hana muda wake, muda wake ni wa kila mtu.

Mdogo wangu saa kumi jioni anachukua begi anatoka. Akishavuka mlango, hakuna wa kumtuma gesi, hakuna wa kumwambia mgeni amefika. Mwenye begi mgongoni anaheshimiwa. Mimi nikiinama kwenye simu, nyumba nzima inaona mtu anayechati. Mama mkwe, mama mwema kweli kweli, aliwahi kuniambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo simu nayo ipumzike, mtoto analia." Nilikuwa katikati ya jaribio la dakika 40, na saa ya jaribio haisimami kwa sababu mtoto analia.

Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba kosa lilikuwa kusomea pale ninapopikia na kulelea. Nilipoanza kubaki ofisi ya walimu saa kumi mpaka saa kumi na mbili, siku tatu kwa wiki, mambo yalibadilika. Nyumbani wakasema "yuko shule", na ikawa kweli. Nilibandika pia ratiba ya mitihani nyuma ya mlango wa jikoni, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, ili kila anayeingia kuchukua sufuria aione. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akinikumbusha tarehe baada ya hapo.

Kwa upande wa pili, muda wa darasani una gharama yake. Mdogo wangu anatumia karibu saa tatu barabarani kila siku ya masomo, kwenda na kurudi. Kwa siku nne za wiki hizo ni saa 12, na mimi saa 12 ndizo ninazosomea wiki nzima. Mimi nisingeweza kabisa kusoma kwa njia yake: kituo changu cha kazi kiko mbali na chuo chochote cha jioni, na likizo ya masomo ya miaka mitatu ingemwachia nani darasa la tatu lenye watoto 94? Kwa mtu wa wilayani, muuguzi wa zahanati, askari anayehamishwa kila mara, mama anayenyonyesha, mara nyingi uchaguzi ni kati ya mtandaoni na kutosoma. Ukiwa hapo, usijilaumu kwamba umechagua njia ya mkato. Njia hii ni ndefu kuliko ile nyingine.

Nakuomba ufanye zoezi moja kabla ya kulipa chochote. Chukua daftari, kwa siku saba andika kila jioni ulichofanya kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tano usiku. Usiandike ulichokusudia, andika kilichotokea. Msiba, kikao cha kikundi, mgao wa umeme, usingizi, vyote. Kisha hesabu jioni ambazo ungeweza kusoma saa mbili bila kuitwa. Zikiwa tatu au zaidi, endelea kufikiria mtandaoni. Ikiwa ni moja au hakuna, darasa la jioni, kama lipo karibu nawe, litakutoa nyumbani kwa nguvu, na wewe unaihitaji hiyo nguvu.

Ukipotea, nani atauliza?

Mdogo wangu ndiye mtu wa kompyuta katika familia yetu. Wote tulidhani wa mtandaoni angekuwa yeye. Kabla ya stashahada alijaribu kozi ya bure ya kuandika programu, ya kigeni, yenye video nzuri sana. Wiki ya kwanza alinionyesha alichotengeneza. Wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu aliacha, na kilichomuuma, aliniambia, ni kwamba hakuna aliyegundua. Mfumo ulimtumia barua pepe mbili za kumkumbusha, zilezile wanazotumiwa wote.

Hayuko peke yake. Watafiti waliochambua kozi za wazi za Harvard na MIT kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, walikuta kwamba katika mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa takriban 3 kati ya kila 100 waliojiandikisha. Kwa waliolipia cheti hali ilikuwa nzuri zaidi, lakini hata wao waliomaliza hawakufika nusu. Wengi wa hao walioacha si wajinga. Wengine walikuja kuchungulia tu. Lakini jambo moja ni dhahiri: mlango ulio rahisi kuingia ni rahisi pia kutokea.

Darasa la jioni alipokosa vipindi viwili, kiongozi wa darasa alimpigia. "Kaka, vipi, unaumwa? Kuna testi Alhamisi." Simu ya nusu dakika. Nadhani ile simu ndiyo iliyomfikisha mwaka wa pili.

Nilijiuliza nani angenipigia mimi, na nikaona ni lazima nimtafute mwenyewe. Muhula wa pili nilichukua orodha ya waliokuwa wakichangia kwenye jukwaa la somo, nikawaandikia wanne waliokuwa wakitaja maeneo ya mkoa wetu. Watatu wakajibu: mmoja yuko Gairo, mwingine Turiani, wa tatu Mikumi. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukakubaliana Alhamisi saa mbili usiku kila mtu atume ujumbe wa sauti wa dakika tatu akieleza mada moja aliyoisoma wiki hiyo. Video hapana, kwa sababu ya bando. Anayekaa kimya Alhamisi mbili, tunampigia. Wa Gairo aliwahi kukaa kimya Alhamisi tatu. Tulipompata tukakuta amefiwa na baba yake na alikuwa ameshaamua kuahirisha mwaka. Tulimsomea madesa, yale maandishi ya masomo, kwa simu, zamu kwa zamu. Mtihani aliufanya, akapata sapu moja, yaani mtihani mmoja wa kurudia, akaifuta.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi mbili, uwezo wa kutumia kompyuta naupa uzito mdogo sana. Kupakia faili utajifunza kwa siku mbili. Jiulize jambo gumu zaidi: umewahi kumaliza kitu kirefu ambacho hakuna aliyekuwa akikusubiri? Kushona kitenge mpaka mwisho, kuhifadhi juzuu, kulima msimu mzima bila kusukumwa, kulea kuku wa mayai, vyote vinahesabika. Kama ndiyo, una kile kinachohitajika. Kama wewe ni mtu wa kuamshwa na wenzako, na watu wa namna hiyo ni wengi na ni watu wazuri, basi darasani, au mtandaoni ukiwa na watu wako kama nilivyofanya. Peke yako, hapana.

Pesa

Watu husema mtandaoni ni nafuu, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu pango la chumba mjini na chakula cha kila siku ndivyo vinavyowamaliza wanachuo, hata kuliko ada. Lakini fanya hesabu ya bando. Madesa ya PDF ya maandishi matupu, hata kurasa 100, ni MB chache. Saa moja ya darasa la moja kwa moja lenye picha za watu wengi inaweza kula karibu GB 1. Vipindi viwili vya saa mbili kila wiki, kwa wiki 15, ni saa 60, yaani GB 60 au zaidi kwa somo moja tu. Kwa hiyo usiulize ada peke yake. Uliza kama masomo yana maandishi ya kupakua au ni video tupu.

Tena, usianze shahada kwa simu peke yake. Kusoma kwa simu kunawezekana. Kuandika maneno 3,000 yenye vichwa na majedwali kwa kidole gumba ni mateso, na kulipia kila kazi ichapwe steshenari kutakugharimu zaidi ya kompyuta mpakato ya mtumba ndani ya mwaka. Kama fedha ni za moja tu, ada ya muhula au kompyuta, nunua kompyuta, ahirisha muhula.

Unasomea nini

Hili ni fupi. Kazi inayofanywa kwa mikono juu ya mwili wa mtu au juu ya mashine hujifunzi kwenye kioo. Uuguzi, maabara, uchomeleaji, umeme wa majumbani: hapo nadharia inaweza kuja mtandaoni, lakini chuo kikikwambia kila kitu ni mtandaoni, kimbia. Uhasibu, utawala, lugha na programu za kompyuta vinasomeka vizuri kwa mbali. Ualimu uko katikati. Mafunzo ya vitendo ya kufundisha utakwenda shuleni tu.

Cheti kitapokelewa?

Hapa nimeona watu wakilia, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Cheti cha mtandaoni kutoka chuo kinachotambuliwa kina hadhi yake. Tatizo ni vyuo vyenyewe. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba kampuni moja ya Karachi, Axact, ilikuwa ikiuza shahada za vyuo ambavyo havikuwepo popote ila kwenye tovuti, na wanunuzi walikuwa dunia nzima. Tovuti zilikuwa na picha za majengo, maprofesa wanaotabasamu, hata mtu wa kuzungumza nawe saa 24.

Kwa Tanzania, shahada ya chuo cha nje inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa vyuo vya kati na ufundi vya nchini nenda NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uliza kabla ya kulipa, kwa barua au barua pepe, utunze jibu. Usikubali kuambiwa na wakala wa chuo kwamba "hilo tutalishughulikia ukimaliza".

Na kama wewe ni mtumishi wa umma kama mimi, omba ruhusa ya kusoma kwa mwajiri kwa maandishi kabla hujaanza, hata kama unasoma usiku na hukosi kipindi hata kimoja. Nakala yangu yenye mhuri iko kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Mwenzangu mmoja alisoma kimyakimya miaka minne akitaka kuwashangaza wote. Siku aliyopeleka cheti, swali la kwanza lilikuwa "ruhusa yako iko wapi?", na hakuwa nayo.

Kabla ya kuruka, onja

Ile kozi fupi ya bure niliyoiahidi hapo juu, kazi yake ni hii. Chagua moja ya wiki sita, katika fani unayoitaka, uimalize kana kwamba umelipa. Usitafute cheti, tafuta kujijua. Ukifika wiki ya sita hujasukumwa na mtu, una jibu ambalo mimi siwezi kukupa. Ukiishia ya pili, umejua bila kupoteza ada, na darasa la jioni bado lipo. Mdogo wangu leo anaihesabu ile kozi aliyoiacha kuwa ndiyo iliyomwelekeza.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza alikuja nyumbani na daftari la siku saba. Lilikuwa limelowa chai ukurasa wa Jumatano. Tulikaa barazani tukalipitia pamoja. Jumatatu: kikao cha kamati ya shule. Jumanne: pacha mmoja homa, zahanati mpaka saa nne. Jumatano: amesinzia na kalamu mkononi. Alhamisi, saa mbili safi. Ijumaa, mgeni. Jumamosi, shamba, kisha saa mbili. Jumapili, kwaya. Jioni mbili kati ya saba. Akanitazama, "Madam, kwa hiyo mimi basi?"

Darasa la jioni kwake halipo karibu. Basi la Morogoro linamrudisha usiku wa manane. Nikamuuliza kwaya ina mazoezi mara ngapi, na kama mumewe anajua kwamba ameomba chuo. Kwaya ni mara mbili. Mumewe alikuwa hajui. Aliondoka na daftari lake, akaahidi kumwonyesha mzee mwenyewe usiku ule, na kuanza kozi ya wiki sita Alhamisi inayofuata. Nimemwingiza kwenye kundi letu. Juzi alituma ujumbe wake wa kwanza wa sauti, dakika tatu na sekunde kumi, na nyuma yake unamsikia mwanamume akiwaambia watoto wanyamaze, mama anasoma.